Mbegu za Miti ya Asili: Ni Kazi ya Nani?

SOMO LA MWEZI, kwa vikundi vya nyumbani, kina mama na vijana

Yasomwe kwanza: Mwanzo 1:11-12; Mwanzo 21:33-34; Yeremia 29:4-7

Katika somo la mwezi huu tutazungumza juu ya kitu ambacho kila mmoja wetu amewahi kukishika mkononi bila kukitafakari sana, yaani mbegu ya mti. Habari za kupanda miti tumezizoea. Gari linakuja na miche, tunajipanga mstari, tunapanda, picha zinapigwa. Msimu ukiisha tunahesabu iliyobaki, na mara nyingi hesabu hiyo inatia huzuni. Lakini ni mara chache tunauliza: miche hii ilitokana na mbegu gani? Zilichumwa wapi, na nani alizichuma? Je, mti huu unaijua ardhi hii?

Tunaomba somo hili lisomwe polepole, kichwa kimoja baada ya kingine. Mwishoni yapo maswali ya kujadiliana, na kazi moja ya kufanya mwezi huu.

1. MAJI YA MPAKANI NDIYO MAJI YETU

Wengi wetu tulivuka mpaka pale Busia au Malaba, baada ya fujo zilizofuata uchaguzi wa Kenya wa Desemba 2007. Tukapokelewa katika wilaya ya Tororo, tukakaa kwa muda katika kambi ya Mulanda, na mwaka 2008 baadhi yetu tukaletwa huku Kiryandongo. Wengine walio pamoja nasi katika ushirika walitoka Sudan Kusini na Kongo, kwa njia zao. Kwa hiyo mtu anaweza kusema, "Busia na Tororo tuliziacha nyuma. Habari zao zinatuhusu nini?"

Tuangalie mito. Mto Malaba unaanzia Mlima Elgon, unapita mpakani, unaingia Uganda na kuungana na Mpologoma, kisha unamwaga maji yake katika Ziwa Kyoga. Mto Sio nao unashuka kuelekea Ziwa Viktoria, na maji ya Viktoria yanatoka Jinja kwa Mto Nile hadi Kyoga hiyo hiyo. Kutoka Kyoga, Nile inakuja mpaka Karuma, jirani na hapa tunapoishi. Basi mto tuliouvuka tukiwa na watoto mgongoni bado unatupitia. Mteremko wa Elgon ukivuliwa miti, udongo unashuka na mvua, mto unajaa tope, kisha wakati wa kiangazi unakonda. Anayeishi chini ya mto huumia kwa shoka la aliye juu.

Kati ya Busia ya Kenya na Busia ya Uganda kuna kinamasi cha Sio-Siteko, ambacho nchi hizi mbili zinakimiliki kwa pamoja. Mafunjo yake huchuja maji kabla hayajafika ziwani, huficha samaki wanapozaliana, na huwapa watu matete ya kuezekea na kusukia mikeka. Mpaka wenyewe ulipita hapo kwa amri ya watawala tu. Mwaka 1902 Waingereza walilikata jimbo la mashariki la Uganda na kulitia upande wa Kenya. Waiteso wakajikuta pande mbili, na Wasamia vivyo hivyo. Ndege na popo hawakupata habari hiyo, wakaendelea kubeba mbegu kuvuka mto kama zamani. Kwa hiyo mti unaofaa upande mmoja wa Mto Sio unafaa na upande wa pili, na anayeurudisha upande mmoja tu amefanya nusu ya kazi.

2. KWA NINI MITI YA ASILI?

Hatutaki kuidharau mikaratusi. Imetupa nguzo za nyumba na kuni, na kwa mtu mwenye haja ya pesa baada ya miaka michache ni msaada. Vilevile mgrevilea uliotoka Australia na msanduku uliotoka Meksiko imewajengea watu wengi. Lakini kupata nguzo ni kazi moja, na kuiponya ardhi iliyochoka ni kazi nyingine. Ni vizuri tusizichanganye.

Mti wa asili umeishi na mvua, mchwa na ndege wa mahali pake kwa vizazi vingi. Mvule hutoa matunda ambayo popo hula na kuzitawanya mbegu zake. Mugavu, ambao Waluo huuita ober, hutia rutuba ardhini, na wakulima huuacha katikati ya mahindi. Mkuyu hulisha ndege wengi na kusimama karibu na maji. Miti kama hii ikirudi, inawarudisha na wengine wanaoitegemea.

Tena kuna hatari ya kutegemea mti mmoja. Mwaka 1992 wadudu waharibuo lukina walifika Afrika Mashariki, na miti hiyo iliyokuwa imesifiwa kwa malisho ya mifugo ikanyong'onyea. Katika miaka ya 1980 na 1990 vidukari viliikausha misanduku mingi nchini Kenya na Uganda. Mwaka 2002 nyigu mdogo kutoka Australia alionekana magharibi mwa Kenya na nchini Uganda, akitia vivimbe kwenye majani ya mikaratusi michanga. Mara zote tatu aliyekuwa na aina moja tu ya mti alipata hasara kubwa kuliko aliyechanganya.

Hata hivyo neno "asili" lina mipaka yake. Musizi ni mti wa asili wa Uganda na nchi za kandokando ya ziwa. Ulipopelekwa Amani, katika milima ya Usambara huko Tanzania, mwanzoni mwa karne ya 20, hondohondo waliusambaza msituni, na ukawa mvamizi unaosonga miti ya pale. Mti ulio mwema kwao unaweza kuwa mvamizi ugenini. Sisi tulio wageni tusilisikie neno hili kwa uchungu, kwa maana linasema juu ya miti. Mtu anaweza kujifunza adabu za mahali alipofikia, lakini mti hauwezi. Ndiyo sababu swali la "mbegu hii imetoka wapi?" lina uzito.

3. AHADI NI KUBWA, MBEGU NI CHACHE

Umoja wa Mataifa umeitenga miaka ya 2021 hadi 2030 kuwa muongo wa kurudisha uhai wa ardhi, misitu na maji. Katika mpango wa Afrika uitwao AFR100, ulioanza mwaka 2015, Kenya iliahidi kurejesha hekta milioni 5.1 na Uganda hekta milioni 2.5. Mwezi wa Desemba 2022 Kenya ilitangaza lengo la miti bilioni 15 ifikapo mwaka 2032, na tarehe 13 Novemba 2023 ikatoa siku nzima ya mapumziko ili wananchi wapande miti.

Hizi ni hesabu kubwa. Sasa tujiulize, mbegu za miti yote hiyo zitatoka wapi? Kenya inayo Taasisi ya Utafiti wa Misitu, KEFRI, yenye kituo cha mbegu huko Muguga. Uganda inacho Kituo cha Taifa cha Mbegu za Miti huko Namanve, chini ya Mamlaka ya Taifa ya Misitu, NFA. Vituo hivi vinafanya kazi njema. Lakini hakuna ofisi inayoweza kujua kila mvule uliobaki kando ya kila kijito cha Tororo na Busia, wala kuwa chini ya mti siku ile ganda linapopasuka.

Jambo lingine ni kwamba mbegu zote si sawa. Ziko zinazokubali kukaushwa na kuwekwa kwa miaka, kama mbegu nyingi za jamii ya migunga na mikwaju, ambazo zina ganda gumu. Ziko nyingine zinazokufa upesi. Mbegu za musambya, ambao Waluhya huuita lusiola na Waluo siala, ni nyepesi kama karatasi na hupoteza nguvu haraka. Mbegu za mueri, ule mti wa Elgon na Kakamega ambao magome yake huuzwa ng'ambo kwa dawa ya tezi dume, nazo hazivumilii kukaa. Mbegu za namna hii hazifai kusafiri mbali na kungoja stoo. Zinahitaji mtu aliye karibu, anayejua mti ulipo, awezaye kuchuma leo na kupanda wiki hii.

Mtu huyo ndiye nani? Ni mama anayepita njia ile kwenda kisimani, ni kijana mchunga mbuzi, ni mzee ambaye baba yake alikataza mti fulani usikatwe. Pasipo hao, mradi utanunua mbegu zinazopatikana kwa urahisi, na zinazopatikana kwa urahisi ni mikaratusi na misindano. Mara nyingi hakuna aliyekusudia kuikataa miti ya asili. Mbegu zake tu hazikupatikana siku ya kujaza mifuko ya kitalu.

4. WALIOTANGULIA KATIKA KAZI HII

Tusidhani jambo hili ni geni. Mwaka 1977 Profesa Wangari Maathai, akiwa katika Baraza la Taifa la Wanawake wa Kenya, alianzisha kazi iliyokuja kuitwa Green Belt Movement. Wanawake wa vijijini walikusanya mbegu za miti ya mahali pao, wakaziotesha katika vyombo walivyokuwa navyo, na wakalipwa kiasi kidogo kwa kila mche ulioshika. Wengi wao hawakuwa na cheti cha misitu, lakini mbegu walizijua kwa mikono, kama walivyojua za mtama na maharagwe. Alipopewa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2004, miti zaidi ya milioni 30 ilikuwa imepandwa. Alifariki mwaka 2011, na kazi inaendelea.

Karibu zaidi na Busia, katika miaka ya 1990 watafiti wa magharibi mwa Kenya walifanya kazi na wakulima kuhusu sesbania, mti mdogo wa asili wa Afrika. Ukipandwa katika shamba lililochoka na kuachwa kwa muda, hurudisha rutuba na kupunguza yale magugu ya kayongo yanayonyonya mahindi. Wakulima walipoupenda, haja ya kwanza ikawa mbegu. Jibu jepesi lilikuwa kuacha mistari michache ya miti isikatwe, izae, kisha kuchuma na kugawiana na majirani. Mkulima akawa mpandaji na pia ghala.

Huko Shinyanga, Tanzania, mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulianza mwaka 1986 katika nchi iliyokuwa karibu kuwa jangwa. Wasukuma walikuwa na desturi ya ngitili, yaani kutenga sehemu ya malisho ipumzike wakati wa masika. Desturi hiyo ilipotiwa nguvu tena, zaidi ya hekta 300,000 zilirudi kuwa na miti. Sehemu kubwa ya miti hiyo haikupandwa na mtu. Mbegu zilikuwa ardhini na visiki vilikuwa hai, vikangoja tu kuachwa. Kwa hiyo kabla ya kuchukua jembe, tuangalie kwanza kama pana kisiki kinachochipua. Kukilinda kunahitaji kazi ndogo kuliko kupanda. Mbegu ni kwa mahali ambapo hata kisiki hakikubaki, au ambapo aina fulani ya mti imekwisha kabisa.

5. JINSI YA KUCHUMA NA KUTUNZA MBEGU

Tuone sasa kazi yenyewe. Haya ni mambo ambayo kikundi chochote kinaweza kuyafanya bila mashine.

(a) Chagua miti mama. Usichume kwenye mti mmoja kwa kuwa uko karibu na mlango. Wataalamu wanashauri miti isiyopungua 30 ya aina moja, iliyo mbali kwa mbali, angalau mita 50 hadi 100 kati ya mti na mti, ili isiwe ndugu wa karibu. Mti ulio peke yake mara nyingi hujichavusha wenyewe, na watoto wake huwa dhaifu. Mkikosa 30, chumeni kwa mingi iwezekanavyo na mwandike idadi. Kwa mvule kumbukeni kwamba iko miti ya kike na ya kiume: wa kiume hautakupa mbegu hata ungoje miaka, lakini ukikatwa, wa kike nao utabaki tasa.

(b) Ngoja wakati wake. Ganda la musambya lichumwe linapogeuka kahawia, kabla halijapasuka na upepo kuchukua mbegu. Tunda la mkwaju liive kabisa. Mbegu iliyochumwa mbichi haitaota hata ikipendwa namna gani.

(c) Acha nyingine mtini. Ndege, popo na nyani wana fungu lao, na ardhi ina fungu lake. Usikate tawi ili kupata matunda. Tandika turubai au shuka chini ya mti, utikise kwa kijiti chenye ndoana.

(d) Safisha na kukausha. Matunda yenye nyama huloweshwa, husuguliwa na kuoshwa. Mbegu huanikwa juu ya mkeka kivulini penye upepo. Bati la moto huua mbegu nyingi.

(e) Pima kabla ya kuahidi. Zitie majini: mara nyingi zinazoelea ni tupu au zimeliwa na fukusi, ingawa kwa mbegu nyepesi zenye mabawa kipimo hiki hakifai. Pasua chache uone kama kiini ni kizima. Kisha otesha 100 na uhesabu. Tuchukue mfano: zikiota 60, na tunajua kwamba katika kitalu hufa mche mmoja kwa kila mitano, basi ili kupata miche 1,000 tunahitaji mbegu zaidi ya 2,000. Kikundi kinachojua hesabu hii hakitamwahidi mtu kisichoweza kutoa.

(f) Amsha mbegu ngumu. Zile za jamii ya migunga humwagiwa maji ya moto yaliyotolewa jikoni, zikaachwa humo mpaka kesho yake. Nyingine hukwaruzwa kidogo kwenye jiwe. Za musambya hazihitaji lolote, ila zipandwe mapema.

(g) Hifadhi vizuri. Mbegu zinazokubali kukaushwa ziwekwe kwenye chombo kikavu chenye kifuniko, mahali pa baridi, pamoja na majivu makavu kuzuia wadudu. Bibi zetu walihifadhi kunde namna hiyo.

(h) Andika. Katika kila chombo kiwemo kikaratasi: jina la mti kwa kila lugha mnayoijua, mahali, tarehe, idadi ya miti mama, na jina la aliyechuma. Katika ibada moja tunao watu wa lugha nyingi, na mti mmoja una majina mengi. Kikaratasi hicho ndicho kinachomtofautisha mtoa mbegu na muuza bahati nasibu.

6. HAKI NA AMANI KATIKA MBEGU

Sasa tunafika kwenye jambo gumu. Miti mama haiko katika viwanja vyetu. Mingi iko kwa wenyeji waliotupokea, kandokando ya mito, katika viwanja vya shule na makanisa, au katika misitu ya serikali. Na ugomvi kati ya wakimbizi na wenyeji, tunajua sote, huanza kwenye kuni na maji. Mkimbizi akionekana chini ya mti wa mtu na gunia mkononi, hakuna atakayeuliza kama amebeba mbegu au mkaa.

Kwa hiyo, kwanza, tuombe ruhusa. Kwa mti wa mtu binafsi, tuongee na mwenyewe, tena mbele ya mwenyekiti wa LC1. Kwa hifadhi ya serikali, mfano West Bugwe huko Busia ya Uganda, ruhusa hutolewa na NFA. Pili, tugawane. Mwenye mti apate sehemu ya bei ya mbegu au sehemu ya miche. Mti ulioanza kumletea mwenyewe shilingi kila mwaka hatauuza upesi kwa mchoma mkaa. Hapo mbegu imeulinda mti mama bila askari. Tatu, vikundi viwe vya mchanganyiko, wakimbizi na wenyeji. Mwenyeji anajua mti ulipo, na mgeni huenda alijifunza kitalu alikotoka. Katika makazi ya West Nile kumekuwa na kazi ya kutia alama miti mikubwa ya asili ili isikatwe. Alama hiyo huheshimiwa zaidi pale ambapo pande mbili zimekubaliana.

Nne, tuheshimu sheria ya mpaka. Tuna ndugu Busia ya Kenya, na ni rahisi kumpa dereva kifurushi. Lakini mbegu zinaweza kubeba wadudu na magonjwa, kama tulivyoona kwa mikaratusi. Sheria inataka kibali cha kuingiza na cheti cha afya ya mimea, kwa KEPHIS upande wa Kenya na kwa Wizara ya Kilimo upande wa Uganda. Tangu mwaka 2018 kituo cha pamoja cha mpakani pale Busia kimerahisisha ukaguzi, maafisa wa nchi mbili wakiwa mahali pamoja. Njia za panya tuwaachie panya.

Tano, bei iwe wazi. Anayechuma hufanya kazi ya kupanda, kushuka, kusafisha na kupima. Kama mradi una fedha za miche, iulizwe mapema ni kiasi gani kitamfikia aliyechuma, na kama malipo ni kwa kilo tu au kwa ubora. Malipo ya kilo tupu humfundisha mtu kuchuma mbegu mbichi na kujaza makapi. Malipo ya mbegu zinazoota humfundisha uaminifu. Hili tuliseme wazi mbele ya mashirika, kwa heshima, bila kunung'unika pembeni.

7. "TUTAKUWA HAPA MPAKA LINI?"

Liko swali ambalo kina baba wengi huuliza, na si swali la uvivu. Mvule huchukua makumi ya miaka. Kiwanja hiki tumepewa kutumia, si chetu. Kwa nini mtu apande mti ambao kivuli chake atakikalia mwingine?

Tunayo majibu mawili. La kwanza ni la mfuko. Mchuma mbegu hangoji mti ukue. Miti mama imekwisha kukua, na mbegu zake ni mavuno ya mwaka huu. Sesbania hutoa mbegu na kuni kwa muda mfupi. Ujuzi wa mbegu hauhitaji hati ya ardhi: ukirudi nyumbani kesho, au ukipelekwa nchi nyingine, unakwenda nao kichwani. Mama aliyejifunza kupima mbegu hapa ataweza kufungua kitalu popote.

La pili tunalipata kwa Ibrahimu. Biblia yetu ya Kiswahili inasema alipanda mkwaju huko Beer-sheba, na mstari unaofuata unatueleza kwamba alikuwa akikaa kama mgeni katika nchi ya Wafilisti. Hakungoja kumiliki ndipo apande. Mkwaju alioupanda mgeni uliwapa kivuli wenyeji wa nchi. Na Yeremia aliwaandikia watu waliohamishwa kwa nguvu wajenge, wapande, na wautafutie amani mji waliofikia, kwa kuwa amani yao ilifungwa ndani ya amani ya mji huo. Ardhi yenye maji na miti ni sehemu ya amani hiyo, kwa mwenyeji na kwa mgeni.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Taja miti mitano ya asili iliyokuwapo ulikozaliwa. Ni mingapi unaiona hapa? Inaitwaje kwa lugha za wenzako?

2. Katika upandaji wa mwisho tulioshiriki, mbegu zilitoka wapi? Ni nani angeweza kutuambia?

3. Soma tena Mwanzo 1:11-12. Kila mmea ulizaa kwa jinsi yake. Hili linatufundisha nini juu ya kuchukua mti wa mahali pamoja na kuupeleka kila mahali?

4. Kama wewe ndiwe mwenye mti, ungetaka mgeni akujie namna gani kuomba mbegu?

5. Vijana: ni wazee gani wenyeji wanaoijua miti vizuri kuliko wengine, nanyi mtawaendea lini?

KAZI YA MWEZI HUU

Kila kikundi cha nyumbani kitafute miti mama ya aina moja tu, bila kuchuma kitu. Andikeni katika daftari: mti uko wapi, ni wa nani, unachanua mwezi gani, matunda yameonekana au bado, na majirani wanauitaje. Mwenye mti asalimiwe na aelezwe sababu. Madaftari yaletwe kwa kamati baada ya ibada ya Jumapili ya mwisho wa mwezi, tuyaweke pamoja tupate orodha moja. Mwenye mradi atakapokuja kuuliza miche ya asili tunayo wapi, tuwe na cha kumwonyesha.